Niuze Besi Zangu Mbili Ninunue Precision ya Zamani?

Mheshimiwa Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Arua. Kwa kazi mimi ni mwuguzi, na kwa mapenzi ni mpiga gitaa la besi. Jumapili napigia kwaya ya kanisani kwetu, na Jumamosi nyingi bendi yetu ndogo hualikwa harusini, ambako tunapiga rumba na nyimbo za bendi ya Afrigo mpaka wazee wanapoanza kutafuta viatu vyao. Nakuandikia kwa sababu nimefika njia panda, na kila ninayemwuliza ananivutia upande wake.

Nina besi mbili. Ya kwanza ni ya mtindo wa Jazz Bass ya Fender, isiyo na jina kubwa, niliyoinunua Kampala ikiwa mpya miaka sita iliyopita. Hiyo nimeihangaikia sana: nimeibadilishia pikapu zote mbili, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, nimeiwekea daraja zito la shaba pale nyuzi zinapofungwa, na mwaka jana fundi wa redio wa hapa mjini aliibadilishia vile vidhibiti vya kuzungusha, akaweka vingine vilivyoandikwa B500K kwa sababu vya zamani vilikuwa vinakwaruza. Tangu siku hiyo sauti yake imekuwa kali, na nikikipunguza kitufe cha sauti hakuna kinachobadilika mpaka mwisho kabisa, ndipo inakatika ghafla. Tena, nikipunguza pikapu ya mbele ili ya nyuma isikike zaidi, gitaa linavuma kama nyuki. Ya pili ni Yamaha BB aliyoniachia mjomba. Pikapu yake ya mbele imegawanyika vipande viwili na ya nyuma ni kipande kimoja kirefu. Siipigi, kwa kuwa nyuzi zake zimepata kutu na zimeinuka juu ya shingo hata vidole vinauma.

Mwezi uliopita nilikwenda Kampala kwa mafunzo ya kazi, na jioni moja rafiki alinipeleka kwa mtu anayeuza Fender Precision Bass, ambayo kwa maneno yake ilitengenezwa Marekani mwaka 1974. Aliichomeka katika amplifaya kubwa yenye spika za inchi 15, akaniachia. Mheshimiwa, kifua kilitetemeka. Hata nyuzi zake zilikuwa laini, hazikwaruzi vidole kama zangu. Nililigeuza nyuma nikaona shingo imefungwa kwa bamba la chuma lenye skrubu tatu na namba, naye akasema hiyo ndiyo alama ya miaka ile. Anataka shilingi milioni 6 na nusu. Mimi nimeweka akiba ya milioni 3 na nusu, na nikiuza besi zote mbili huenda nikafika milioni 5. Anasema nimtumie milioni moja ya kushikilia kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba hairudi.

Shemeji yangu, ambaye hupiga kinanda, anasema niachane na mambo ya kale nitafute besi ya nyuzi tano. Mwenzangu wa bendi anasema niiwekee Jazz yangu mtambo wa betri wa kukuza sauti ndani. Seremala wa jirani amejitolea kunichongea kiwiliwili kipya cha mvule. Mke wangu hajakataza lolote, ila ameniuliza swali moja ambalo sijalijibu mpaka leo: hii ya tatu itafanya nini ambacho zile mbili zimeshindwa?

Nisaidie.

Mwuguzi Mpiga Besi, Arua

*

Ndugu yangu wa Arua,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limerudi kwenye sentensi uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba nyuzi za gitaa lile zilikuwa laini na hazikwaruzi vidole. Hapo hukulieleza gitaa, umezieleza nyuzi. Nyuzi za besi ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile zilizozungushiwa waya wa mviringo, ambazo ukipitisha ukucha juu yake hulia kama msumeno, na zina sauti ya kung'aa inayofifia baada ya wiki kadhaa za jasho. Na kuna zile zilizozungushiwa utepe bapa, ambazo ni laini kama kioo, sauti yake ni nene na fupi, na hudumu kwa miaka. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa kwenye Precision yake ya 1962, hakuwa mtu wa kuzibadilisha, na aliweka sponji chini yake karibu na daraja. Sehemu kubwa ya lile dundo lililokutetemesha kifua huuzwa ndani ya pakiti ya nyuzi nne, na pakiti hiyo haifiki hata kidogo milioni 6 na nusu.

Sehemu nyingine ilikuwa amplifaya. Hukuniambia kanisani unatumia nini, lakini nimekaa katika makanisa ya kutosha kujua kwamba besi mara nyingi huchomekwa mahali palipobaki, kando ya kinanda, katika spika ndogo iliyokusudiwa sauti za watu. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo haina kifua cha kusukuma mtetemo wa namna hiyo. Kwa hiyo ulilinganisha Jazz yenye nyuzi za kukwaruza na volyumu zisizoifaa, inayopitia spika ya kuazima, na Precision yenye nyuzi bapa iliyopitia spika za inchi 15, katika chumba cha mtu, kwa sauti aliyoipandisha yeye. Hata ubao wa kukatia mboga ungependeza pale. Sisemi kwamba gitaa lile ni baya. Nasema hukulisikia, ulisikia mpangilio mzima ambao gitaa ni sehemu yake moja tu.

Sasa nikuelekeze kwenye jambo ambalo limenifanya nitabasamu. Precision ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na pikapu ya kipande kimoja, lakini tangu 1957 inajulikana kwa pikapu iliyogawanyika vipande viwili, kimoja kwa nyuzi mbili nene na kingine kwa nyuzi mbili nyembamba. Soma tena ulivyoieleza Yamaha ya mjomba. Pikapu unayotaka kuiuzia mali yako imelala nyumbani kwako, juu yake zikiwa nyuzi zenye kutu. Yamaha ikisikika kwa pikapu ya mbele peke yake itakuwa jamaa wa karibu wa ile ya Kampala, na kabla ya kuuza chochote inakupasa uisikie ikiwa katika hali yake nzuri.

Itengeneze hivi. Nunua nyuzi bapa za shingo ndefu, yaani zinazofaa urefu wa inchi 34, karibu sentimita 86.4 kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani. Zifunge kwanza, uzikaze mpaka sauti zake sahihi, uliache gitaa usiku mzima, kwa sababu nyuzi bapa mara nyingi huvuta shingo kwa nguvu kuliko za mviringo, na ukirekebisha shingo kabla ya kuzifunga utarudia kazi. Kesho yake bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na kiwiliwili, kisha tazama freti ya saba au ya nane. Kati ya uzi na freti inatakiwa ibaki nafasi ndogo, kama milimita 0.3. Nafasi ikiwa kubwa, ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo huhitaji kukazwa kwa kufuata saa. Isipokuwapo kabisa, na gitaa likawa linaparaza kwenye freti za mwanzo tu, huhitaji kulegezwa. Zungusha robo ya mzunguko, basi, kisha subiri. Wewe ni mwuguzi, unajua maana ya kumpa mgonjwa dozi ndogo na kumwangalia. Fimbo ikigoma usishindane nayo, mpelekee fundi wa magitaa. Nakushauri urudie kipimo hiki kila kiangazi chenu cha Desemba hadi Februari kinapoanza na kinapokwisha, maana mbao za shingo hazivumilii mabadiliko ya unyevu kimyakimya.

Shingo ikishatulia, teremsha vile vitako vidogo vya darajani mpaka uzi wa E uwe juu ya freti ya 12 kwa kiasi cha milimita 2.5 na uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote, kwa kama milimita 2. Mwisho linganisha sauti ya uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake ukiubonyeza pale pale. Ukiubonyeza sauti ikawa juu zaidi, kitako kirudishwe nyuma kidogo. Ikawa chini, kisogezwe mbele. Ni kazi ya jioni moja kwa bisibisi, funguo mbili ndogo na tyuna ya simu, na vidole vyako havitauma tena.

Kuhusu Jazz, fundi wako wa redio simlaumu. Leo Fender mwenyewe, aliyezibuni Precision na Jazz Bass, alianza na duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, na wala hakuwa mpiga gitaa. Ila gitaa lina desturi zake. Pikapu za namna ya Jazz, tangu gitaa hilo lilipotoka mwaka 1960, zimezoeana na vidhibiti vyenye ukinzani wa kilo-omu 250. Ukiweka vya 500, sauti za juu ambazo zamani zilikuwa zinamezwa kidogo huachwa zipite zote, na huo ndio ukali ulioanza kuusikia siku ile ile. Herufi B nayo inasema kwamba ukinzani wake unapungua sawasawa kadiri unavyozungusha, lakini sikio la binadamu halipimi hivyo, ndiyo maana unaona hakuna linalobadilika hadi mwisho. Mwambie akuwekee A250K, yaani vya 250 vinavyobadilika kwa kufuata sikio, kwenye vitufe vyote vitatu. Ni kazi ya risasi kidogo ya kulehemu na nusu saa, na huenda ikakurudishia gitaa ulilolipenda mwanzo. Daraja la shaba liache lilivyo. Limekuongezea uzito begani, na sidhani limekuongezea kingine, lakini halidhuru.

Ule uvumi wa nyuki si ugonjwa. Pikapu mbili za Jazz kwa kawaida husukwa kwa namna ya kupingana, hivyo zote zikiwa zimefunguliwa sawa, kelele ya umeme inayoingia kwa moja hufutwa na inayoingia kwa nyingine. Ukipunguza moja, mizani inavunjika, na nyuki wanatoka. Precision haina shida hiyo kwa sababu vipande vyake viwili hufutana wakati wote, nami nadhani hii ndiyo sababu ya kweli kabisa ya kuipenda, kuliko miaka yake. Kwetu Uganda jambo hili lina ubaya wa pekee. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na noti ya G, ile ya freti ya tatu kwenye uzi wa E, ni mitetemo 49 kwa sekunde. Kelele na noti vinakaribiana kiasi kwamba ukiishikilia G ndefu katika wimbo wa polepole, utasikia sauti inapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Fungua pikapu zote mbili mpaka mwisho, nyuki watanyamaza. Na ukitaka ya nyuma isikike zaidi, bandika utepe wa shaba ndani ya shimo la nyaya, uuunganishe na waya wa ardhi. Utapunguza kelele, hutaimaliza.

Hapa niongeze jambo moja kwa mkazo kuliko yote. Ukishika nyuzi na uvumi ukapungua, waya wa ardhi wa gitaa lako ni mzima. Lakini ukishika nyuzi ukasikia umeme unakuuma vidole, au unakurusha mdomoni ulipogusa maikrofoni, chomoa gitaa hapo hapo na usimame pembeni hata kama bibi harusi anaingia. Kwenye harusi za mahema, ambako amplifaya ya besi inachukua umeme wa nyumba na maikrofoni zinachukua wa jenereta, tofauti ya volti kati ya hizo mbili hupita mwilini mwako. Nyote mchomeke mahali pamoja, penye waya wa ardhi unaofanya kazi.

Narudi Kampala. Zile skrubu tatu. Ni kweli kwamba Fender katika miaka ya 1970 ilifunga shingo za baadhi ya magitaa yake kwa skrubu tatu, lakini kati ya Jazz na Precision ilifanya hivyo kwa Jazz Bass. Precision iliendelea kufungwa kwa skrubu nne. Kwa hiyo alama aliyokuonyesha kama ushahidi ndiyo inayomshtaki. Inawezekana ni gitaa lililounganishwa kwa viungo vya magitaa mawili, inawezekana ni nakala, na inawezekana muuzaji mwenyewe alidanganywa na aliyemwuzia. Mimi yalinipata. Niliwahi kulipa fedha nzuri hapo hapo Kampala kwa besi yenye jina kubwa kichwani. Nilipofika nyumbani nikafungua skrubu za shingo, nikakuta kiwiliwili kimeundwa kwa tabaka za mbao nyembamba zilizogandishwa, moja juu ya nyingine kama chapati katika sahani, mahali ambapo palistahili kuwa na mti mzima. Simu ya yule mtu haikupatikana tena.

Mwombe mambo mawili. Kwanza alegeze nyuzi, afungue shingo mbele yako, uone mbao za ndani na kama kuna tarehe kwenye kisigino cha shingo. Pili afungue sahani ya plastiki iliyo usoni mwa gitaa, usome namba zilizopigwa mgongoni mwa vidhibiti. Vile vya Kimarekani vya enzi hizo vilipigwa namba za kiwanda, kisha mwaka, kisha wiki: namba inayoanza na 137, ikifuatwa na 7420, maana yake ni kiwanda cha CTS, mwaka 1974, wiki ya 20. Vidhibiti hubadilishwa, wewe mwenyewe umebadilisha, kwa hiyo namba changa, yaani ya mwaka wa baadaye, peke yake haimhukumu mtu. Lakini namba changa pamoja na skrubu tatu, hapana. Mtu mwenye mali halali hukubali kuifungua, na akikataa umeshapata jibu lako bila kulipa nauli ya pili. Milioni moja isiyorudi usiitume, hata kama mwisho wa mwezi ni kesho. Ujue pia kwamba Precision mpya kutoka Marekani leo mara nyingi huzidi dola 1,500 kabla hujaongeza usafirishaji na ushuru, na kodi ya VAT peke yake kwetu ni asilimia 18. Kwa hiyo bei yake si ya ajabu kwa gitaa la kweli, na ni ya kutisha kwa gitaa la viraka.

Wengine niwajibu kwa ufupi. Mtambo wa betri una maana yake, na besi iitwayo StingRay, ya mwaka 1976, ilijipatia jina kwa huo, lakini kuuweka juu ya volyumu zisizofaa ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Tena betri ya volti 9 huendelea kupungua kila saa ambayo waya umeachwa umechomekwa, na huwa inaisha katikati ya wimbo wa kukata keki. Shemeji ana hoja kuliko unavyofikiri, kwa kuwa kwaya huanzisha nyimbo popote koo la kiongozi linapoangukia, na mpiga besi wa nyuzi nne hubaki juu wakati wimbo uko chini ya E. Hata hivyo uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31, na spika yako, kama nilivyosema, bado haijamudu 41. Kwa sasa shusha uzi wa E uwe D kwa nyimbo zinazohitaji. Seremala mshukuru, umwombe akuchongee kiti cha kukalia unapofanya mazoezi. Mvule ni mzito kuliko mbao zilizozoeleka kwa magitaa, harusi ni ndefu, na shimo la kupokea shingo likipotoka kwa milimita moja tu, uzi mmoja utaning'inia ukingoni mwa freti.

Yamaha ikishatengenezwa na Jazz ikisharudishiwa vidhibiti vyake, fanya mlinganisho wa haki. Zipeleke kanisani kwa saa moja, kanisa likiwa tupu, tumia waya mmoja, spika moja, vitufe vya spika visiguswe, ila sauti ziwe sawa kwa ukubwa, maana sikio la mtu yeyote hudhani kinachosikika kwa nguvu ndicho kizuri. Mpe mwenzako wa bendi apige wimbo mmoja kwa besi zote mbili, nawe ukae benchi la nyuma umewapa mgongo, uandike. Mwalike na mke wako, kwa sababu swali lake ni bora kuliko yote yaliyomo katika barua yako, na baada ya saa hiyo huenda mkalijibu pamoja.

Natabiri kwamba fedha yako itaelekea kwenye amplifaya ya besi yenye spika ya inchi 15, ambayo milioni 3 na nusu inaweza kuifikia ukitafuta ya mitumba kwa uvumilivu. Ukiipata, kabla hujaichomeka, isome mgongoni. Iliyotoka Japani huandikwa volti 100 na iliyotoka Marekani 120, na umeme wetu ni 240. Kama haina swichi ya kubadilisha, bei ya transfoma iingie katika hesabu siku hiyo hiyo.